Jinsi ya kutembelea nyumba walizokulia John Lennon na Paul McCartney kule Liverpool

Nianze na kosa nililofanya mie ili wewe usilirudie. Mara ya kwanza nilienda kichwakichwa. Nilikuwa Manchester kwa shughuli zangu, ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kwanza, baridi ile ya kukata masikio, nikasema si mbali, acha nipande treni niende Liverpool nikaione nyumba aliyokulia John Lennon, anuani naijua, 251 Menlove Avenue, basi nikapanda treni, nikapanda basi, nikatembea, nikafika, geti limefungwa. Hakuna dirisha la tiketi, hakuna mlinzi wa kumuuliza, hakuna duka la fulana. Ni nyumba tu imekaa kimya kando ya barabara kubwa, magari yanapita kasi, na kibao cha duara cha buluu ukutani kinasema John aliishi hapa. Nikakisoma kile kibao mara tatu nne hivi kisha nikageuza nilikotoka.

Mara ya pili nilijipanga, nikaingia zote mbili, ya John na ya Paul, na nilitoka mule nimebadilika kidogo sitaki kusema uongo. Kwa hiyo hapa naeleza namna ya kwenda, kuanzia tiketi mpaka uingie ndani na nini cha kuangalia, maana hilo la mwisho ndo kubwa kuliko yote. Mtu asiyejiandaa anaweza akaingia kwenye nyumba hizi akaona vitanda na masufuria tu.

Kwa wale wadogo zetu ambao Beatles wanawasikia kwa jina, hawa walikuwa vijana wanne wa Liverpool, John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr, na nyimbo zao nyingi zilitungwa na hao wawili wa mwanzo. Nyumba walizokulia hao wawili ndo zimehifadhiwa na National Trust, lile shirika la hisani la Uingereza linalotunza majumba ya kale na ngome na mashamba ya mabwanyenye. Ya Paul waliinunua 1995 wakaifungua kwa wageni 1998, ya John ilinunuliwa na mjane wake Yoko Ono 2002 akawapa wao, ikafunguliwa 2003. Na mwaka 2012 zote mbili zikaingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria kule, hakuna mtu anaweza kuja kesho akavunja akajenga ghorofa.

Tiketi kwanza, nauli baadae

Hili lishike. Huwezi kwenda mlangoni ukagonga ukalipa ukaingia. Njia ni moja, unakata tiketi mapema kwenye tovuti ya National Trust, tafuta kurasa za Mendips (ya John) na 20 Forthlin Road (ya Paul), hizo ndo nyumba zenyewe. Tiketi moja inakuingiza nyumba zote mbili, na ndani yake kuna usafiri, wana kibasi chao kidogo kinachowachukua wageni na kuwapeleka nyumba moja kisha nyingine. Mahali pa kupandia na saa vimeandikwa kwenye tiketi, soma vizuri usije ukaenda kusubiri kwenye geti la Mendips wakati wenzio wanapandia kwengine kabisa. Kwa nini wamefanya hivi? Kwa sababu nyumba ni ndogo kweli na zipo katikati ya majirani wanaoishi, watu wana watoto wao wanasoma na magari yao wanataka kuyapaki, ukiruhusu kila mtu aje na gari lake mtaa wa Forthlin utakuwa kama soko la Darajani kule Unguja siku ya mkesha wa Idi.

Vikundi ni vidogo, watu kumi na kitu, kwa hiyo nafasi zinaisha. Majira ya baridi wanafunga kabisa (ndo yaliyonikuta), wanafungua kuanzia majira ya machipuko mpaka vuli. Kama unaweza kuchagua usiende mwishoni mwa mwezi wa nane maana kuna wiki nzima ya sherehe za Beatles mji unafurika watu kutoka Japani, Brazili, Marekani, kila pembe, tiketi utazitafuta kwa tochi.

Halafu angalia sana usichanganye na mabasi ya utalii ya rangirangi yanayozunguka mjini. Yale ni mazuri, yatakupitisha Penny Lane, ule mtaa walioutungia wimbo, na kila mahali, ila kwenye hizi nyumba yanasimama nje tu, unapiga picha ya mlango unaondoka. Nimekutana na watu wanakwambia nilienda nyumbani kwa Lennon, ukimuuliza ndani kukoje anaanza kubabaika. Ndani unaingia na National Trust tu.

Kama unatoka nyumbani Tanzania au Kenya unahitaji viza ya matembezi ya Uingereza, hiyo iombe mapema sana na usikate tiketi ya nyumba kabla haijatoka. Ukishakuwa London, treni inaondoka stesheni ya Euston mpaka Liverpool Lime Street, saa mbili na robo hivi, na nauli ukikata wiki kadhaa kabla inakuwa nafuu sana kuliko ukinunua siku ileile. Ukija Liverpool kwenyewe kwa ndege utatua uwanja wenye jina la John Lennon mwenyewe, waliubadilisha jina 2001.

Simu utaiacha mlangoni

Najua hili linawauma wengi. Ndani hakuna kupiga picha. Ukifika unakabidhi begi na kamera na simu, vinafungiwa, ndo unaingia. Mwanzoni nilikereka, yani nimetoka kote huko nisipate hata picha moja ya kuwatumia nyumbani? Ila baada ya dakika tano nikaelewa. Watu wote mle ndani walikuwa wanaangalia kwa macho. Mzee mmoja alikuwa amesimama karibu yangu anaangalia meza ya jikoni, anaangalia tu, kimya, muda mrefu, baadae akasema mama yake alikuwa na meza kama ile. Angekuwa na simu mkononi angepiga picha akapita.

Kwa hiyo jiandae hivi. Siku moja kabla sikiliza nyimbo chache, usijaze kichwa na albamu zote, mie nasema nne zinatosha: Please Please Me, Love Me Do, I Saw Her Standing There na When I'm Sixty-Four. Nimezichagua kwa sababu nitakazokwambia huko mbele. Beba kidaftari na kalamu mfukoni, ukirudi kwenye kibasi unaandika ulichokiona kabla hakijapotea. Mie kile kidaftari ninacho mpaka leo na kila nikikifungua nakumbuka zaidi kuliko picha elfu nilizopiga kwengine.

Mendips, nyumba ya mama mkubwa

Hapa kuna jambo la lugha lazima niliweke sawa. Mwanamke aliyemlea John aliitwa Mimi. Ni jina la mkato la Mary, basi mnisome vizuri, nikiandika Mimi kwa herufi kubwa nazungumzia yeye, mwenyewe najiita mie. Alikuwa dada mkubwa kabisa katika watoto watano wa kike, na mama yake John, Julia, alikuwa mdogo wake. Kwa hiyo kwetu sisi huyu ni mama mkubwa, na mumewe George Smith ni baba mkubwa, na hakuna Mswahili atakayeshangaa kusikia mtoto kalelewa na mama mkubwa wakati mama mzazi yupo hai na anakaa si mbali. Vitabu vingi vya wenzetu vinaliandika hili kama jambo geni na la kusikitisha mno. Ukiingia mle ndani na jicho la Kiswahili unaona mambo kidogo tofauti, unaona mtoto aliyepewa chumba chake, vitabu vyake, chakula cha saa, na mama mkali.

Baba yake John alikuwa baharia, hayupo. John akaja Mendips akiwa na miaka mitano akakaa mpaka 1963, Beatles walipokuwa wameshaanza kutikisa nchi nzima.

Nyumba ilijengwa 1933, ni zile za pacha, mbili zimegawana ukuta mmoja. Na ina jina, sio namba tu, Mendips ni jina la vilima vya kule kusini magharibi ya Uingereza. Mtaa wenye nyumba za majina unajua wenyewe ni mtaa wa aina gani. Ndani kuna vioo vya rangi kwenye madirisha, na kuna kengele za kuitia watumishi, ingawa Mimi na George hawakuwa na watumishi, George alikuwa mtu wa maziwa. Hapa ndo mahali pa kwanza pa kusimama ujiulize, maana watu wengi wanadhani John ndo mtoto wa uswahilini na Paul ndo mtoto wa kishua. Ni kinyume chake! John alikulia kitongoji cha Woolton kwenye nyumba yenye bustani mbele na nyuma, Paul alikulia nyumba ya kupanga ya halmashauri ya jiji. Ukizitembelea mbili kwa siku moja linakuingia vizuri.

Sasa vitu vya kuangalia. Anza na kibaraza cha mbele, kile kidogo chenye vioo kabla ya mlango wa ndani. Wageni wengi wanapita haraka wanakimbilia chumba cha kulala. Wewe simama. Mimi alikuwa hataki kelele za magitaa ndani ya nyumba, akawa anawatoa wakapigie hapo kibarazani, na ikawa heri, kwa sababu kile kibaraza kwa vioo vyake na udogo wake sauti inarudi. John na Paul walipapenda kwa mwangwi ule. Nilingoja wenzangu watangulie nikasema neno moja tu kwa sauti ya kawaida, nikalisikia linagonga kioo na kunirudia sikioni, fupi na kali, kama mtu anaongea ndani ya birika. Hapo nikasema aah, kumbe. Vijana wawili wa miaka kumi na sita kumi na saba, magoti yanakaribia kugusana, wanasikia sauti zao mbili zinakuwa moja. Ile kuimba kwao pamoja ambako dunia nzima ilikuja kukupenda, hapa palikuwa moja ya madarasa yake.

Jikoni na kile chumba kando yake vimerudishwa kama vilivyokuwa miaka ya hamsini, mabati ya biskuti, vyombo, redio. Usipite mbio. Baba mkubwa George alimfundisha John kusoma kwa gazeti akiwa amempakata, na alikufa ghafla 1955, John ana miaka 14. Mimi alikuwa anachukua wapangaji, wanafunzi, ili pesa itimie. Mie ukiniuliza huyu mama hajapewa haki yake. Anakumbukwa kwa lile neno lake tu kwamba gitaa ni sawa la kujifurahisha ila hutaishi nalo, watu wanacheka, lakini mjane mwenye mtoto wa mdogo wake mkononi na wapangaji chumbani angesema nini? Mama gani wa kwetu hajasema hivyo? John alipopata pesa alimnunulia nyumba kule Poole karibu na bahari, 1965, akahama.

Chumba cha John kiko juu ya kile kibaraza, dirisha linaangalia barabarani. Kidogo, jamani, kidogo mno! Kitanda kimoja chembamba, na ukutani picha za Elvis na Brigitte Bardot, basi kimejaa. Mnaingia wachache wachache. Ukiwa hapo kumbuka Please Please Me, John alieleza kwamba aliitunga kwenye nyumba hii, chumba kimojawapo cha kulala, na sasa unajua kwa nini nilikwambia uisikilize usiku uliotangulia.

Ukitoka nje, kabla hujapanda kibasi, itazame barabara. Julia, mama mzazi, alikuwa anakuja kumtembelea dada yake. Usiku wa tarehe 15 Julai 1958 alitoka hapa kwenda kupanda basi, akawa anavuka Menlove Avenue, akagongwa na gari akafa, karibu kabisa na hapo nyumbani. John alikuwa na miaka 17. Julia ndiye aliyemfundisha kupiga gitaa, alianza na mtindo wa banjo. Mie mara ya kwanza nilisimama robo saa nzima ukingoni mwa barabara ile sijui chochote, mara ya pili nilishindwa kuiangalia muda mrefu.

20 Forthlin Road

Toka hapo mpaka kwa Paul sio mbali, enzi hizo walikuwa wanakata katikati ya viwanja vya gofu kwa miguu, gitaa begani. Kwa kibasi ni dakika chache tu. Nyumba ya Paul iko kwenye safu, zimeshikana, mtaa wa kawaida kabisa, na ukishuka unaona aibu kidogo kukanyaga pale maana majirani wapo wanaendelea na maisha yao. Punguzeni sauti.

Familia ilihamia hapa 1955. Mama yake Paul, Mary, alikuwa mkunga, baba yake, Jim, alikuwa muuzaji kwenye kampuni ya pamba na jioni mpiga muziki, alishawahi kuwa na bendi yake ya jazi. Mama hakukaa sana kwenye hiyo nyumba, alifariki tarehe 31 Oktoba 1956 baada ya upasuaji wa saratani ya matiti, Paul ana miaka 14. Baba akabaki na watoto wawili wa kiume. Ukijua hivi, ukajua na lile la Menlove Avenue, unaelewa nini kiliwafunga hawa wawili pamoja mbali na muziki.

Sasa ingia sebuleni, na hapa ndo nataka utumie muda wako mwingi, kama una dakika ishirini basi kumi na tano ziwe hapa. Angalia kuta. Karatasi za ukutani hazifanani! Ukuta huu ua hili, ukuta ule ua jingine, aina tatu kwenye chumba kimoja. Hawakukosea waliokarabati. Familia ya McCartney ilikuwa inanunua mabaki ya mwisho wa roli kwa bei poa, ukuta mmoja unaisha karatasi inaisha, unaanza nyingine. Zulia nalo ni vipande vipande vimeunganishwa. National Trust wameirudisha hivyohivyo kwa kufuata picha alizopiga mdogo wake Paul, Mike, ambaye alikuwa na kamera na alikuwa anapiga kila kitu, kaka yake, baba yake, John kakaa na gitaa. Picha hizo ziko humohumo ndani, kwa hiyo unaona picha ya sehemu, unageuka, na sehemu yenyewe hii hapa.

Mie nimekulia Unguja nyumba ya mapazia yasiyofanana, dirisha hili kitenge, dirisha lile kanga iliyochakaa, na mama akiona haya wageni wakija. Nilipoona zile kuta tatu koo likakaza. Wangeweza kabisa kubandika karatasi mpya moja nzuri ya kufanana chumba kizima, wageni wangefurahi. Hawakufanya hivyo, na kwangu hiyo ndo kazi bora kuliko zote katika nyumba zote mbili.

Tafuta picha moja ya Mike hasa, John na Paul wamekaa karibu na meko, magitaa mapajani, daftari limefunguka sakafuni mbele yao, 1962, wanatunga I Saw Her Standing There. Angalia magitaa yanavyoelekea. Paul ni wa mkono wa kushoto, John wa kulia, wakikaa kutazamana ni kama mtu na kioo, kila mmoja anaona vidole vya mwenzie vinabana wapi bila kupinda shingo. Walikuwa wanatoroka masomo, Paul skuli, John chuo cha sanaa ambacho kilikuwa jirani na skuli hiyo, wanakuja hapa mchana baba yupo kazini. Love Me Do nayo ilipita chumba hiki. Na kila wimbo kwenye daftari waliandika juu kabisa kwamba hii ni kazi nyingine halisi ya Lennon na McCartney, wakati hakuna aliyekuwa anawajua zaidi ya mtaa.

Kuna piano. Ya kwao Jim aliinunua kwenye duka la familia ya Epstein, na miaka baadae kijana wa familia hiyohiyo, Brian Epstein, ndo akaja kuwa meneja wa Beatles, hapo hakuna aliyepanga. Paul alianza kuichezea When I'm Sixty-Four akiwa bado kijana mdogo, ndo maana wimbo una ladha ya muziki wa kizee, ni muziki wa baba yake ule. Baba huyohuyo alimpa tarumbeta kwenye siku ya kuzaliwa alipotimiza 14, Paul akaona tarumbeta huwezi kupiga na kuimba kwa wakati mmoja, akaibadilisha kwa gitaa. Nimelielewa hili nikiwa nimesimama kwenye sebule yenyewe, nyumba ndogo vile mkubwa akipiga piano chini mtoto kitandani juu anasikia kila kitu, hana pa kujificha.

Nyuma ya nyumba angalia bomba la maji ya mvua linalopanda ukutani. Paul akichelewa usiku mlango umefungwa anapanda bomba anaingilia dirisha la bafuni. Choo cha nje bado kipo uani. Na nyuma ya uzio ni uwanja wa mafunzo ya polisi, Paul na Mike walikuwa wanaangalia farasi wa polisi wakifundishwa, bure kabisa, kutoka kwao.

Paul mwenyewe alirudi kuingia humo 2018 akiwa na mtangazaji James Corden, kipindi cha Carpool Karaoke, mlikiona wengi, ukikiangalia kabla ya safari utaona ukubwa halisi wa vyumba. Na Bob Dylan, mwanamuziki wa Marekani, alikuja Mendips 2009 kwenye kibasi na wageni wa kawaida, kalipa kiingilio chake kama wengine, wenzake kwenye kibasi hawakumtambua. Na 2022 walifungua Forthlin kwa wasanii chipukizi waje watunge nyimbo mulemule, miaka 60 baada ya Love Me Do, hilo nalo nimelipenda sana.

Nyumba za George Harrison na Ringo

Watu wataniuliza. Nyumba aliyozaliwa George, 12 Arnold Grove, na zile za Ringo kule Madryn Street na Admiral Grove hazimo kwenye ziara hii. Pita njiani utazame, usigonge, usipande ngazi za watu, usichungulie madirishani.

Kwetu je

Kwa sababu watu wa Unguja wenzangu watasoma, niseme na hili. Farrokh Bulsara, yani Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kazaliwa kwetu Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Kiparsi, na tangu 2019 kuna makumbusho yake Shangani, barabara ya Kenyatta. Nendeni, ila nendeni na njia hiihii, jiandaeni kabla. Mle utakuta zaidi picha na maandishi, familia iliondoka 1964 na maisha yake mengi ya utoto aliyaishi bweni kule Panchgani, India. Kwa hiyo ukitoka ndani usiondoke, tembea vichochoro vya Shangani mpaka Forodhani, sauti za adhana na kengele na baiskeli, hizo ndo sauti za utoto wake wa mwanzo. Na Dar es Salaam, Remmy Ongala kabaki kwenye kituo cha daladala, Sinza kwa Remmy, makonda wanalitaja jina lake mchana kutwa. Natamani nyumba za wanamuziki wetu zingepewa hata robo ya uangalizi niliouona kwenye zile karatasi tatu za ukutani, na natamani tuanze na wale ambao wadogo zao au watoto wao bado wapo hai wa kutuambia kitanda kilikaa wapi.

Ukimaliza ziara

Kila kitu kinachukua saa mbili na nusu hivi, simu unarudishiwa. Usirudi mjini moja kwa moja. Nenda Woolton kwenye kanisa la St Peter's, hapo ndo John na Paul walikutana tarehe 6 Julai 1957, kulikuwa na sherehe ya kanisa, bendi ya John inapiga uwanjani, baadae kwenye ukumbi ng'ambo ya barabara Paul akamuonyesha anavyojua kupiga wimbo wa Twenty Flight Rock wote mpaka mwisho. John ana miaka 16, Paul 15. Ukipita Beaconsfield Road utakuta Strawberry Field, palikuwa makao ya watoto ya Jeshi la Wokovu, John alikuwa anacheza huko, tangu 2019 wageni wanaruhusiwa kuingia na kuna mahali pa kunywa chai, pumzika hapo maana miguu itakuwa imechoka.

Kwenye makaburi ya kanisa wageni wote wanatafuta jiwe lenye jina la Eleanor Rigby, ambalo pia ni jina la wimbo wa Beatles, aliyefariki 1939 na miaka 44, wanapiga picha wanaondoka. Wewe endelea kutafuta kidogo, humohumo kuna kaburi la George Toogood Smith. Ndo yule baba mkubwa wa gazeti. Nilikuwa peke yangu pale, nikakaa kama dakika kumi, nikatoa kidaftari nikaandika jina lake lote herufi kwa herufi, kisha nikashuka barabarani kusubiri basi la mjini, ambalo kutoka Woolton linachukua zaidi ya nusu saa, kwa hiyo kama una treni ya jioni Lime Street usichelewe kuondoka.